Manju Hajui Mwisho: Mazungumzo na Wanaoanza Kuendesha Meza, Tanga

Wazee wetu mliokubali kukaa na vijana jioni hii, shikamooni. Dada na kaka mliotoka Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, na ninyi mliopanda gari kutoka Pongwe, hamjambo. Tusipoangalia, adhana ya magharibi itatukuta bado kwenye salamu, kwa hiyo zitoshe hizo.

Bibi akisema "Paukwa!" mnajibu "Pakawa!", na hapo kila mtu ameshajua kazi yake. Bibi anaijua hadithi mpaka mwisho, wajukuu wanauliza "ikawaje?" Mchezo tulioujia hapa, wa wahusika wa kubuni unaochezwa mezani kwa mazungumzo, unaanza vivyo hivyo kisha unapinduka: anayeuliza "ikawaje?" ni bibi mwenyewe. Wachezaji wanne, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, udhaifu wake na alichobeba mfukoni, ndio wanaosema wanatenda nini. Mmoja anabeba vyote vilivyobaki: mji, bahari, wauza samaki, walinzi, majini na mazimwi. Huyo tutamwita manju, kama ngomani. Manju huanzisha na kushika mwendo, lakini wimbo si wimbo mpaka waitikiaji waitikie.

Kwa wageni wa jambo hili: mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulichapishwa Marekani mwaka 1974, ukaitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mingine mingi imezaliwa baada yake. Hakuna mshindi kama kwenye bao au dhumna. Wachezaji wote wako chombo kimoja, na manju si mpinzani wao, ingawa ndiye anayewatumia mazimwi. Mchezo unaweza kwenda jioni moja tu, au miezi mingi kwa wahusika walewale. Huo mrefu wengine wanauita kampeni. Huku kwetu neno hilo linanukia kofia na khanga za uchaguzi, kwa hiyo tutasema safari.

Basi manju mpya anakujaje? Anakuja kama bibi. Ameandika kurasa thelathini: watafika bandarini, watamkuta mzee, mzee atawapa ramani, watakwenda pangoni, watapigana, mwisho liwali atatubu. Dakika ya kumi mchezaji mmoja anasema, "Mimi simwamini huyu mzee. Namfunga kamba." Kurasa ishirini na saba zimekufa. Kinachofuata kinajulikana: manju anaanza kuwaburuza. Mzee ghafla ana nguvu za ajabu, kamba inakatika yenyewe, mlango wa pili unakuwa ukuta. Wachezaji si watoto, wanaona. Kikao cha tatu wako kwenye simu zao, na cha nne hakipo.

Tiba yake mnayo tangu utotoni, imo katika kisa cha Fumo Liyongo. Mnakumbuka alivyotoka kifungoni. Alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na shairi, mama akapika mikate mizuri pamoja na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akatia tupa. Walinzi wakaila mizuri, wa wishwa wakamtupia mfungwa. Kisha likachezwa gungu kwa matari na shangwe, na katika kelele zile Liyongo akakeza pingu.

Sasa mtazameni Liyongo kama mchezaji, na ninyi ndio manju wenye gereza. Hakuna manju ambaye angeandika kabla kwamba mfungwa atatokea kwenye mkate. Lakini manju aliyeandika neno moja tu kuhusu walinzi, "waroho", anajua papo hapo kwamba mpango huu utafaulu, na kwa sababu gani. Aliyeandika "wanamwogopa mfalme kuliko njaa" anajua kwamba watauvunja kila mkate. Wote wawili wameamua kwa haki, maana wameamua kwa kilichokuwapo kabla mchezaji hajafungua kinywa. Kazi yenu yote ya maandalizi ni hiyo: andikeni watu na wanachotaka, mahali na palivyo, na wakati unavyosogea. Mwisho acheni.

Tuandae moja hapa hapa, la kikao cha saa tatu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, na ukizidi dakika arobaini na tano za kuandika, umeanza kuwa bibi tena.

Tunahitaji jambo la kuanzia, na pwani hii imejaa. Mwaka 1499 Wareno wa Vasco da Gama waliichoma merikebu yao wenyewe, São Rafael, katika maji ya pwani hii, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Manju akisikia hivyo anauliza swali moja: nini kilishushwa usiku kabla ya moto? Chukueni swali, acheni majina. Katika mji wetu wa kubuni merikebu ya wageni ilichomwa miaka sitini iliyopita, na sanduku moja lilifichwa pangoni, kando ya bahari.

Pango lenyewe mnalijua. Wengi wenu mmeingia Amboni kwa kurunzi ya mwongozaji: chokaa, vijia vya kuinama, harufu ya popo inayokutangulia kabla popo hawajaonekana, na zile simulizi za mbwa aliyeingia huku akatokea upande wa Kilimanjaro. Tumieni umbo hilo. Mkieleza ngome ya mawe ya Ulaya yenye theluji darini, mtatumia nusu ya jioni kueleza theluji. Haikatazwi, ila inagharimu. Pango la chokaa linaelezwa kwa sentensi mbili: kitu kimoja cha kuona, kimoja cha kunusa au kusikia, kimoja cha kushika. Kisha nyamaza, uliza "mnafanya nini?" Sentensi ya tano ya maelezo haisikilizwi na mtu.

Jina la Amboni lenyewe, hata hivyo, lisiingie mezani. Mle watu wanaweka tambiko hadi leo, na mzimu wa watu si zimwi la kuuawa ili kupata alama. Badilisheni jina, badilisheni mahali.

Wakati tuuazime kwa bahari. Mlango wa pango letu unaonekana wakati wa bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Unafunuka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na kufunikwa saa mbili baadaye. Saa nne basi. Chora duara kwenye karatasi, ligawe vipande vinane, kila kipande nusu saa, uliweke katikati ya meza wote walione. Kupekua chumba vizuri ni kipande kimoja. Kumfunga jeraha mwenzio ni kipande kimoja. Kubishana pale pangoni kama waende kushoto au kulia, ikipita dakika tano za saa ya ukutani, ni kipande kimoja pia, na hiki ndicho kinachowachekesha na kuwaharakisha. Duara likijaa, maji yamefunga mlango. Hawafi: wamebaki ndani na maji yanayopanda kwa saa chache zijazo, au wako nje na hakuna bamvua nyingine mpaka yapite majuma mawili hivi. Katika majuma hayo liwali wa mji, anayelitaka sanduku hilo hilo, naye hatalala.

Duara lifichwapo, manju huanza kudanganya bila kujijua. Huongeza muda kwa kuwaonea huruma, huupunguza akikasirika. Likiwa wazi, mwenye kukasirikiwa ni bahari.

Watu watatu wanatosha, na kila mmoja ana vitu vitatu: anataka nini, anaogopa nini, anaongeaje. Liwali anataka sanduku kabla ya mwezi kuandama tena; anaogopa mji ujue kwamba amefilisika; haongei bila kugusa pete. Mwanaidi, mvuvi wa pweza, anaijua njia ya pangoni kwa kuwa ndiyo njia yake ya kila bamvua, anataka kaka yake aliyeingia akakosa kutoka, anaogopa giza, hujibu swali kwa swali. Kombo, mlinzi wa pwani, anataka kwenda kulala, anaogopa mkewe, hunong'ona. Msicheke, Kombo ndiye wachezaji watakayempenda. Watamchukua wende naye pangoni, na liwali mliyemtungia ukurasa mzima wasimkumbuke. Mwacheni Kombo akue.

Pembeni ya ukurasa andikeni majina ishirini ya akiba. Bila orodha hiyo kila mvuvi na kila mpishi ataitwa Juma, na wachezaji watajua kwamba mtu asiye Juma ndiye mwenye siri.

Siri nayo ina kanuni yake. Jambo ambalo bila hilo hadithi haisogei, litolewe bure. Anayepekua mahali panapostahili analipata. Dadu, inayopigwa jambo likiwa na mashaka, iamue kama amekawia, ameumia au ameonekana. Meza nyingi zimekwama hapa: ufunguo uko chini ya mkeka, mchezaji kasema "natazama chini ya mkeka", manju akamwambia apige dadu, dadu ikagoma, na watu wazima watano wakakaa saa nzima wakiutazama mkeka. Na lile ambalo wachezaji wanapaswa kulifumbua wenyewe, liwekewe dalili tatu, mahali patatu mbalimbali. Ya kwanza wataipita. Ya pili wataielewa kinyume. Turudi kwa Liyongo: hadhuriki kwa silaha ila shaba kitovuni. Mkitaka zimwi la namna hiyo, basi mfua vyuma alipwe afukie sindano zote za shaba za mji. Mjane mmoja aimbe nyimbo ya kubembeleza mtoto inayotaja kitovu. Na mifupa ya waliojaribu zamani ikutwe na mikuki ya chuma iliyopinda kama ndoana. Yeyote mwenye mbili kati ya tatu atafika.

Tuje kwenye dadu, maana ndipo swali la kwanza la kila mtu: zile za pande ishirini za mchezo huu tutazipata wapi? Hamzihitaji. Chukueni pakiti ya karata. Toeni ree hadi kumi za kopa, hizo ni 1 mpaka 10. Ree hadi kumi za shupaza, hizo ni 11 mpaka 20. Karata ishirini, kila moja ina nafasi ya asilimia 5, sawasawa na dadu ya pande ishirini. Kila aliyechomoa airudishe na kuchanganya. Msiporudisha, uwezekano unabadilika kila mara: karata kubwa zikishatoka mapema, waliobaki wamebaki na balaa tupu, na mwenye kuhesabu karata atajua wakati wa kumsukuma mwenzake mbele. Wengine wanapenda hivyo. Ila iwe kwa makusudi.

Sasa hesabu kidogo, vumilieni. Karata hujumlishwa na nyongeza, yaani ustadi wa mhusika kwa namba, na jumla lazima ifikie ugumu, yaani namba ambayo manju ameipangia kazi hiyo. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 kwenye kunyemelea, ugumu ukiwa 13, anahitaji karata ya 8 au zaidi: karata 13 kati ya 20, asilimia 65. Inaonekana nafasi njema. Lakini manju anasema "wote wanne nyemeleeni, kila mmoja achomoe, akishindwa mmoja mmeonekana." Nafasi ya wote wanne kufaulu pamoja ni asilimia 18 hivi. Amewafungia mlango bila kukusudia, kisha analalamika kwamba wachezaji wake wanapenda vita tu, hawataki ujanja. Sema badala yake: wakifaulu wawili kati ya wanne, wamewabeba wenzao. Nafasi inapanda kufikia asilimia 87. Mtego huo huo uko kwenye "chomoa kupanda, chomoa tena kufika katikati, chomoa tena kushika ukingo": asilimia 65 mara tatu ni 27. Jambo moja, karata moja.

Na kama kushindwa hakuleti chochote kipya, msichomoe kabisa. Mvuvi wa miaka ishirini hafungi fundo kwa bahati nasibu.

Mwenye dadu mbili za ludo tu naye asiondoke. Zijumlishe: 10 na zaidi amefaulu, 7 hadi 9 amefaulu kwa hasara, 6 na chini manju anaongeza tatizo. Bila nyongeza, kufaulu kamili ni mara 6 katika 36. Ukiwa na nyongeza ya 2 inakuwa mara 15 katika 36. Nyongeza ya 3 iwe kubwa kuliko zote. Mkipita hapo kushindwa kunakuwa habari ya kusikia.

Vita. Hapa manju wapya wanahuzunika zaidi, kwa sababu lile zimwi walilolichora wiki nzima linakufa kabla halijaunguruma. Sababu si bahati. Zimwi lina alama 40 za uhai. Wachezaji wanne, kila mmoja anapata pigo lake kwa asilimia 65, kila pigo linatoa 6 kwa wastani. Kwa mzunguko mmoja, yaani kila mtu akishapata zamu yake mara moja, zimepungua 15 au 16; mzunguko wa tatu hauishi, limelala. Katika muda wote huo lenyewe limetenda mara mbili, wenzie wametenda mara kumi. Aliye peke yake hushindwa kwa wingi wa zamu, hata awe na meno kiasi gani. Kuliongezea uhai kufika 80 hakutibu, kunarefusha tu, na vita virefu visivyobadilika ni uji uliopoa.

Gawanyeni. Zimwi alama 24, na kaa wakubwa wanne wenye alama 4 kila mmoja. Jumla ni 40 ileile, lakini upande wenu sasa unatenda mara tano katika mzunguko wa kwanza, na pigo la 6 kwa kaa wa 4 limepotea mbili bure. Kisha zimwi litake kitu zaidi ya kuua: linataka kumburuta mwenye taa majini. Wachezaji wakijua hivyo wanachagua, wamlinde mwenye taa au wawahi sanduku, na maji ya duara letu yanapanda. Kaa wawili wakifa, waliobaki wakimbie. Wanyama wachache hupigana mpaka wa mwisho. Maadui wakizidi sita, wachomoleeni karata moja kwa kundi, la sivyo wachezaji wanakaa kuwatazama mkicheza peke yenu.

Zamu zitajwe mbili mbili: "Sasa Asha, baada yake Musa." Musa ataanza kufikiri mapema. Mchezaji akitumia dakika moja na nusu na manju mbili, mzunguko wa watu wanne ni dakika nane, na mizunguko minne imekula nusu saa na ushei. Kwa kikao cha saa tatu, vita viwili vya namna hiyo ndio mwisho. Uwanja uchoreni kwenye daftari la miraba, wahusika ni vifuniko vya soda, maadui kete za bao.

Idadi ya watu: wanne. Watatu sawa, watano sawa. Saba msikubali hata wakiwa binamu zenu wote, maana kwa saa tatu kila mmoja hapati hata nusu saa ya kusikika. Anayenyamaza msimwambie "mbona huongei", muulizeni mhusika wake kwa jina, na mpeni njia mbili: "Saada, unamsikia Kombo anakohoa nje. Unamwita au unazima taa?"

Kabla ya safari kuanza, kikao kizima kisicho na zimwi hata moja: mapatano. Tunakutana siku gani, nani anakosa Ijumaa, tukipungukiwa mmoja tunacheza au tunaahirisha. Safari nyingi zinauawa na ratiba, si na mazimwi. Kisha ulizeni kisichotakiwa mezani. Huku kwetu kuna nyumba ambazo majini na uchawi si mzaha, na mzazi akipita barazani akasikia mwanawe "anaita pepo" mchezo umeisha mtaa mzima. Kwa hiyo maneno ya dua na aya yasitumike kama uganga wa mchezoni, kamwe. Tungeni maneno yenu yasiyo na maana. Wekeni pia ishara: mtu akilaza kiganja juu ya meza, tukio linarukwa, na haulizwi sababu. Wasioitumia hata mara moja bado hucheza kwa utulivu zaidi kwa kujua ipo.

Kuhusu lugha, tumeulizwa kama ni halali kuandika kanuni kwa Kiswahili. Kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huo wa 1974 ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Mnaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadili, hata kuziuza, ili mradi mtaje chanzo kama leseni inavyodai. Vitabu kamili vyenye picha na visa vyake havimo katika ruhusa hiyo.

Kikao kifungwe panapouma. Mkianza saa kumi alasiri, saa kumi na mbili na robo tafuteni uamuzi mkubwa wa karibu, mwacheni Mwanaidi auzime mshumaa, mfunge daftari hapo. Kabla hawajasimama waulizeni: kikao kijacho mnataka kwenda wapi? Jibu lao ndilo mtakaloliandaa, na hilo peke yake. Mkiandaa mji wote, nusu yake itaozea daftarini.

Meza nne ziko hapo nyuma na kahawa iko kwenye mdila. Pakiti za karata tumezihesabu. Ya meza ya tatu haina tisa ya shupaza, tumeweka jokeri mahali pake na kuiandika 19 kwa wino mwekundu.